Chungwa Halichinjwi

Mjukuu wangu, kuku wa kwenye sahani ile uliyoisukuma nilimchinja mimi.

Sikukuambia palepale kwa sababu ugeni ulikuwa mwingi, na mtu mzima hamvui kijana wake nguo mbele za watu. Sasa umesharudi chuoni Dodoma, hasira zangu zimepoa, na mkono wangu bado unashika kalamu kwa muda kidogo kabla haujaanza kutetemeka. Kaa unisikilize.

Nikukumbushe mambo yalivyokwenda, maana ninyi vijana hukumbuka vizuri mliyosema na kusahau upesi mliyoambiwa. Ilikuwa Jumapili, kitukuu cha dada yangu, bibi yako, kinabatizwa. Tangu Ijumaa alinitumia mtoto: "Kamwambie kaka kesho aje na kisu." Nikaenda Jumamosi jioni, nikachinja kuku 12, mmoja mmoja, uso kibla, bismillahi kwa kila mmoja, kama ninavyofanya nyumbani kwake tangu alipoolewa. Yeye mwenyewe husimama kando kunishikia beseni, na paka akisogea humfukuza asije akaniharibia. Kesho yake pilau likaiva, watu wakakaa mkekani, ukaletewa sahani. Ukauliza kwa sauti ya mtu aliye jukwaani: "Nani kachinja?" Hukungoja jibu. Ukaisukuma sahani kwa ncha za vidole, kama mtu anayeondoa kitu kilichooza, ukasema huli chakula cha watu wenye miungu watatu.

Mkeka mzima ukanyamaza. Dada yangu hakusema nani kachinja. Angeweza. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Angeninyooshea kidole tu, ungetamani ardhi ipasuke uingie. Aliingia ndani, akatoka na sinia la machungwa, akaliweka mbele yako, akasema: "Basi mume wangu kula haya. Chungwa halichinjwi." Watu wakacheka, nawe ukacheka, ukala machungwa manne. Ukadhani yamekwisha.

Nikuondolee hofu kwanza. Sikulaumu kwa kuuliza. Swali la nani kachinja ni swali la Mwislamu anayejali kinachoingia tumboni mwake, na mimi ndiye niliyekufundisha kuliuliza ulipokuwa na miaka saba. Wala sikulaumu kwa kupingana na bibi yako juu ya Utatu. Mimi mwenyewe napingana naye, mwaka wa 60 sasa na zaidi, naye anajua. Ninakulaumu kwa vidole vile.

Kuna aina ya wazee utakaowasikia harusini na kwenye mikutano ya kata wakisema dini zote ni moja, Mungu ni mmoja, tule tunywe. Mimi simo, na bibi yako hawezi kabisa kuwavumilia. Mmoja alimwambia hayo sebuleni kwake, naye akamjibu: "Kama zote ni sawa, mimi naamka alfajiri ya Jumapili na magoti haya kwa ajili gani?" Namuunga mkono. Sisi tunasema Isa bin Maryamu ni mtume mtukufu, aliyezaliwa bila baba, naye ni mja wa Mungu. Yeye anasema ni Mwana wa Mungu, aliyekufa msalabani akafufuka. Hapo mmoja wetu amekosea, na si kosa la kupotea njia ya sokoni. Anayetuambia kwamba yote ni sawa ametuambia sote wawili, kwa mdomo mtamu, kwamba hakutusikiliza.

Pengine hujui tulivyogawanyika. Kwa watu wa Bonde jambo hili wala si kisa cha kuhadithiana, ndivyo nyumba nyingi zilivyo, lakini wewe umekulia mjini. Wamisionari wa UMCA, Waanglikana kutoka Uingereza, walifika Magila miaka ya 1860, na shule zao zikasambaa huku Muheza. Uislamu nao ulikuwa ukipanda kutoka Pangani na Tanga pamoja na wafanyabiashara na walimu wa chuo cha Kurani. Kijiji kimoja kikapata msikiti na kanisa, na nyumba moja ikapata Yusufu na Yosefu. Baba yetu alikuwa Mwislamu wa kujuta akikosa swala ya jamaa. Mama alipofariki, dada alichukuliwa na mjomba wetu, mwalimu wa shule ya misheni. Akasoma huko, akabatizwa huko. Aliporudi kumwambia baba, baba hakula kutwa. Jioni akamwita. Maneno aliyomwambia dada anayo mpaka leo kama yalivyotoka: "Umeniumiza. Kesho asubuhi uje tukalime."

Nimeyatafuna sana maneno hayo. Baba hakujifanya hakuumia, na jembe la dada hakulitupa nje. Miaka ile nilidhani ni udhaifu. Nilikuwa na miaka kama yako.

Baba alipofariki, dada alikuja na akina mama wenzake wa kanisani, wamejifunga kanga vichwani, wakaingia jikoni moja kwa moja. Jeneza lilipotoka, alimwuliza mwalimu wa msikiti wetu: "Mimi nisimame wapi?" Akaonyeshwa, akasimama hapo, hakusogea. Siku ya hitima alileta mchele na nazi, akakaa na wanawake nyuma, hakuitikia dua wala hakukunja uso. Na mumewe alipofariki, mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Kanisani niliingia, nikakaa benchi la mwisho. Walipoimba nilinyamaza. Walipopiga magoti nilibaki nimekaa, nimeinamisha kichwa. Kaburini nikatupa udongo. Najua masheikh wengine wanasema hata mlango nisingeuvuka, na wana hoja zao. Mwenzangu mmoja wa safu ya kwanza msikitini haingii kanisani kamwe. Misa ikisomwa hubaki nje chini ya mwembe mpaka jeneza litoke. Hajawahi kunung'unikiwa na familia yoyote ya Kikristo hapa kijijini, kwa sababu yeye ndiye hufika wa kwanza msibani, na jembe lake ndilo hufungua kaburi.

Mtazame yule mzee. Itikadi yake ni kali kuliko yangu, na pengine kuliko yako.

Turudi kwenye kisu. Mtindo wa Mwislamu kuchinja ili watu wote wale ulizaliwa na ujirani. Mkristo alisema: mimi nakula kilichochinjwa na yeyote, wewe huli, basi chinja wewe, tule sote. Mwenye nafasi pana akampisha mwenye nafasi finyu. Huo ni wema, na wema una mwenyewe. Sisi tunaopokea tukishasahau kwamba ni wema, tunaanza kuudai kama kodi, na yule anayetoa anaanza kuuona kama utumwa. Mwanzoni mwa 2013 ubishi huo uliwaka Kanda ya Ziwa. Wakristo wakauliza kwa nini nyama ya buchani ipitie mkono wa Mwislamu peke yake, baadhi wakaanza kuchinja na kuuza yao. Waislamu wakaona wamevunjiwa heshima. Februari ile, Buseresere huko Geita, mchungaji mmoja aliuawa katika vurugu hizo. Roho ya mtu kwa shingo ya ng'ombe.

Habari ile niliisikia redioni nikiwa njiani natoka kwa dada, kisu nimekifunga kwenye gazeti, nimekibana kwapani. Nilirudi. Nikamkuta anafua. Nikamwuliza: "Dada, hili la mimi kukuchinjia, linakuudhi?" Akakamua nguo, akaianika, ndipo akanitazama. "Litaniudhi siku utakayokuja bila kuitwa."

Wewe umeisoma aya ya 5 ya Suratul-Maida kuhusu chakula cha Watu wa Kitabu, na unajua wanazuoni walivyoizungumzia kwa kirefu. Kama moyo wako umeelemea kauli ya tahadhari, ifuate, hakuna anayekukataza. Ungeniinamia sikioni ukaninong'oneza, "Babu, nani kachinja?", ningekujibu, na ungekula mapaja mawili. Nimemwona binti mmoja Msabato, mwalimu mgeni wa shule ya hapa, akialikwa kwenye nyumba iliyopika kamba kwa nazi. Alimwambia mwenye nyumba taratibu, kabla chakula hakijapakuliwa, kwamba kwa imani yake hali kamba, akaomba muhogo na chai. Mwenye nyumba aliona fahari kumchemshia muhogo. Mpaka leo ni mashoga. Kukataa kula hakujawahi kuvunja undugu wa mtu yeyote ninayemjua.

Sasa nikupe la kwangu, usije ukadhani nilizaliwa na adabu hizi.

Miaka ya 1980 mihadhara ilikuwa imepamba moto. Wahubiri wetu walisimama viwanjani na Biblia mkononi, wanaijua kurasa kwa kurasa, wanawapa changamoto wachungaji waje wajibu. Wenzetu nao walikuwa na mikutano yao ya injili, na kipaza sauti chao kilinifikia mpaka kitandani, mtu akieleza namna alivyokuwa "gizani" alipokuwa akiswali kama ninavyoswali mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, na rafiki yangu mkubwa kazini alikuwa Mkristo, fundi wa hesabu, mtu wa maneno machache. Jioni moja tulipita na baiskeli zetu karibu na mhadhara, tukasimama kusikiliza. Hoja za mhubiri zilikuwa nzuri. Rafiki yangu alikuwa akisikiliza kwa makini, nakumbuka alitoa hata kalamu akaandika namba ya aya kwenye kiganja ili akaitazame nyumbani. Kisha mhubiri akaacha hoja, akaanza kuigiza namna padri anavyogawa komunyo: akabinua mdomo, akatoa ulimi, akatembea kwa madaha. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Kwa sauti, mjukuu wangu, meno yote nje.

Nilipogeuka, rafiki yangu alikuwa anafuta kiganja chake kwa mate.

Tulirudi bila kusemezana. Kwa muda wa muhula mzima aliniamkia tu, habari za asubuhi, nzuri, basi. Mwishowe nikamfuata nyumbani kwake nikamwomba radhi. Alinikaribisha, mkewe akatandika mkeka, kisha rafiki yangu akaniambia neno moja ambalo lingetosha kuwa nasaha yangu yote kwako: "Yule bwana sikumchukia, simjui. Kicheko chako ndicho nilichokitambua."

Ndiyo maana nakusimulia habari za vidole. Hoja huumiza kichwa, na kichwa kina dawa. Mtu aliandika namba ya aya kiganjani mwake ili akaitazame. Huyo alikuwa anatujia, au tuseme alikuwa yu tayari kuchungulia mlango wetu. Kicheko changu ndicho kilichoufunga. Aya ya 108 ya Suratul-An'am inatukataza kuwatukana hata miungu wa washirikina, na sababu imo humohumo: tusi hurudi, na likirudi halitakupiga wewe, litampiga Unayemwabudu.

Ulikuwa mdogo Oktoba 2012, huenda hukumbuki ya Mbagala. Watoto wawili, Mwislamu na Mkristo, walikuwa wanabishana. Mmoja ana Msahafu, anasema mtu akiudhalilisha atapatwa na balaa, mwingine hasadiki. Wakatiliana ubishi kama watoto wanavyotiliana ubishi wa kuruka mtaro. Yule asiyesadiki akaukojolea. Siku chache baadaye umati ulikuwa mbele ya kituo cha polisi ukimtaka mtoto, na makanisa kadhaa ya Dar es Salaam yakavamiwa na kuchomwa. Watu waliuliza sana siku zile nani wa kulaumiwa, polisi, wazazi, masheikh, wachungaji. Mimi nilijiuliza jambo dogo zaidi: watoto wale walijifunzia wapi kwamba kitabu kitukufu ni kitu cha kufanyia majaribio? Nikakumbuka uwanja wa Tanga, na watoto waliokuwa wamekaa mbele kabisa, miguu wameikunja, wanamwangalia mhubiri akitoa ulimi.

Utaniambia: "Babu, kwa hiyo ninyamaze? Niifiche dini yangu bibi asiudhike?"

La. Kuna kesi ya Morogoro ningependa uisome, maana unasomea sheria na sijui kama wamewafundisha. Mwaka 2000 mhubiri mmoja wa Kiislamu alishitakiwa kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Kifungu kilichotumika ni cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu maneno yaliyokusudiwa kuumiza hisia za kidini za mtu. Mahakama ya wilaya ikamtia hatiani, ikampa miezi 18. Shauri likapanda, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia ile. Majaji walitazama Ibara ya 19 ya Katiba, inayolinda uhuru wa mtu kuamini na kutangaza dini yake. Wakaona kwamba aliyoyasema ni mafundisho ya Uislamu yenyewe, na hapakuwa na ushahidi kwamba alikusudia kumuumiza mtu. Ukiiangalia vizuri, hukumu hiyo inamlinda bibi yako pia. Kila Jumapili anakiri kwa sauti jambo ambalo kwangu mimi ni kufuru. Kama kukiri imani yako ni jinai kwa kuwa inapingana na ya jirani, basi nchi nzima tungekuwa ndani, na wa kutufungulia lango asingekuwepo.

Lakini mahakama ina kazi yake, na mkeka una kazi yake. Mahakama inauliza kama ulikuwa na haki ya kusema. Mkekani tunauliza ulisema na nani, wapi, kuna nani mwingine anasikia, na je, ulichokikataa ni kile anachokiamini kweli?

Hili la mwisho ndilo zito. Bibi yako hajawahi kusema kuna miungu watatu. Ungemwuliza angekuambia anaamini Mungu mmoja, na hapo ndipo angeanza kukueleza Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana njia, kila mara, tangu ujana wetu. Wewe ulimpa imani asiyokuwa nayo, kisha ukaikataa mbele ya wageni wake. Unajua inavyochoma wenzetu wanapotuambia tunaabudu jiwe la Al-Kaaba. Huwa tunahamaki, na tuna haki, kwa sababu mtu amezungumza juu yetu pasipo kutuuliza. Kabla hujampinga mtu, mwelezee imani yake mpaka aseme, "Naam, ndivyo." Ukishindwa kufika hapo, hujaanza kumpinga, unapigana na mtu uliyemchonga mwenyewe.

Mimi na dada sote husema "imani," "dhambi," "toba," "malaika," "sadaka." Umewahi kufikiri ni maneno ya nani? Askofu Edward Steere wa UMCA alipokaa Unguja akiitafuta lugha ya kuandikia vitabu vya kanisa, alikuta Waislamu wameshaitumia lugha hiyo kumzungumzia Mungu kwa karne nyingi, naye akaingia kwenye nyumba iliyojengwa. Ndiyo maana mimi na dada tukibishana hatuhitaji mkalimani. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1923 Mwanglikana mwingine, Godfrey Dale, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo yake. Masheikh wa pwani hawakuiridhia, na mtu yeyote angetazamia hivyo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeona dosari katika tafsiri zilizomtangulia, hii ya Dale na nyingine ya Waahmadiyya, alikaa chini akafanya yake, Qurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969. Nakala yangu ya zamani imeliwa na mchwa pembeni, lakini bado inasomeka; nitakupa. Kosa la kalamu alilijibu kwa kalamu, na jibu lake likawa zawadi kwa watu wote wa Kiswahili, hata kwa dada yangu, ambaye huja kuiazima akitaka kuhakikisha kama aya niliyomsomea ipo kweli. Mara mbili amenikuta nimeikosea.

Nisiache kukuambia kwamba ukali wako haukuanzia kwa bibi. Ulianzia kwangu. Mwaka juzi uliniambia maulidi yangu ni bidaa, na uliniambia mbele ya walimu niliowaalika, ubani bado unafuka. Dada naye ana mjukuu aliyeokoka, anayemwambia kwamba sala zake za kitabu hazifiki mahali. Tulikaa barazani siku moja, yeye na mimi, tukalinganisha wajukuu. Tukacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Wala tusijifanye wema sana, sisi wenye vitabu. Mimi na dada tuna jambo moja tulilokubaliana upesi mno maishani: kumdharau mzee jirani yetu aliyekuwa akitambikia mizimu ya kwao. Hapo hatukuwa na tofauti. Tulimwita mshenzi, yeye kwa Kikristo na mimi kwa Kiislamu. Watani wake wa Kizigua walimtania kila siku na hakuwahi kukasirika, kwa sababu mtani hukutania juu ya uchoyo wako, ulafi wako, hata maiti yako atailalia jenezani, lakini hagusi kile unachokiogopa gizani. Sisi tuligusa. Alipofariki, msikiti ulisema si wetu, kanisa likasema si wetu, na maiti ikakaa ndani mpaka jua likazama. Mwishowe ni wajukuu zake wadogo waliochimba, karibu na mbuyu kama alivyoagiza, na udongo ule ni mgumu. Nilisikia majembe yao kutoka kitandani kwangu. Sikuinuka. Huyo sikupata wa kumwomba radhi.

Sasa, la kufanya. Usimpigie bibi yako simu kumwomba msamaha. Atakuambia hakukasirika, na utaamini kwa kuwa unataka kuamini. Likizo ijayo uje mwenyewe. Fika kwake kabla hujafika kwangu. Msaidie kuchota maji, maana bomba la upande wao limeharibika tena. Ukitaka kumwuliza juu ya Utatu, mwulize, ana hamu ya kuulizwa. Amekwenda mpaka kwa katekista kujikumbusha, na amekuandalia hoja ambazo mimi nimeshazisikia mara tatu na sijazikubali. Mwache amalize kabla hujajibu. Nawe ukimjibu, mjibu kwa ukamilifu, usimwonee huruma. Ana akili kuliko sisi wawili.

Ana jogoo mwekundu, mkubwa, amewapiga majogoo wote wa jirani. Juzi nilikwenda na kisu nikidhani siku yake imefika, kulikuwa na wageni kutoka Korogwe. Akanikatalia, akawapikia wageni wake maharage. Anasema jogoo yule hachinjwi na mkono wangu, anamngoja mumewe wa Dodoma. Kisu nimekinoa, kiko juu ya kabati, upande wa kulia unapoingia.